Injini yenye Turbo: Nguvu ya Kunyonya Itoke Wapi?

Mwaka jana, wakati wa mvua ndefu, nilikuwa ninarudi Karatina baada ya kupeleka karatasi za chanjo katika skimu moja ya Kieni. Mkulima mmoja alinichukua katika pikapu yake ya dizeli yenye turbo. Nyuma kulikuwa na mikebe saba ya maziwa. Tulipoanza kuteremka kuelekea darajani alikanyaga breki, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Karani, shika sana." Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Akarudisha gea hadi ya pili, kisha ya kwanza, injini ikalia, naye akaielekeza pikapu kwenye ukingo wa udongo uliolainishwa na mvua. Hapo tukasimama. Hakuna aliyeumia, lakini mikebe minne ilipinduka, vifuniko vikaruka, na maziwa ya watu yakaenda mtaroni.

Tulipofungua boneti tuliona sababu. Mpira mnene unaokwenda kwenye breki ulikuwa umekatwa katikati, na mahali hapo pametiwa kiungo cha bomba la maji chenye njia tatu. Njia ya tatu ilikuwa ya mashini ya kukamulia. Mzee huyo alikuwa amenunua mashini ya ndoo moja, iliyokwisha kutumika, isiyo na pampu yake. Na fundi alimwambia kwamba nguvu ya kunyonya iko tele katika injini, hapana haja ya kununua nyingine. Kwa majuma matatu alikamua ng'ombe wanne asubuhi na jioni, pikapu ikinguruma kando ya zizi. Wakati wa safari njia ile ya tatu ilizibwa kwa gunzi la mahindi. Siku hiyo gunzi lilikuwa limeng'oka.

Tangu siku hiyo nimeulizwa na wakulima wengi: je, kuna mahali gani katika injini ambapo mtu anaweza kupata nguvu ya kunyonya bila hatari? Swali ni zuri, na jibu lake si moja kwa injini zote. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuja kazi ya afisi, kwa hiyo nitaanza mwanzo, na anayejua mwanzo anisamehe.

NGUVU HIYO NI KITU GANI

Mafundi huiita vakyumu, na vitabu vya shule huiita ombwe. Maana yake ni mahali ambapo hewa imepunguzwa. Mtoto anaponyonya soda kwa mrija hafikiri ya kuwa anaivuta soda. Lakini kwa kweli yeye hupunguza tu hewa ndani ya mrija, na hewa ya nje ndiyo inayoisukuma soda ipande. Hewa tunayoishi ndani yake ina uzito. Kule Mombasa, karibu na bahari, hewa hukandamiza kila sentimita moja ya mraba kwa uzito wa kilo moja hivi. Mtaliano Evangelista Torricelli alionyesha jambo hilo katika miaka ya 1640 kwa bomba la kioo lililojaa zebaki: hewa iliweza kuishikilia zebaki isimame kwa urefu wa inchi 30 hivi. Ndiyo sababu hata leo geji za vakyumu katika gereji nyingi huhesabu kwa inchi za zebaki.

Sasa tazama breki za motokaa. Kati ya pedali na silinda ya breki kuna kopo kubwa la bati, jeusi, la mviringo kama sufuria mbili zilizofunikana. Hilo ndilo boosta. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Injini hunyonya hewa upande mmoja wa kiwambo. Ukikanyaga pedali, hewa ya kawaida huachiliwa upande wa pili, nayo hukisukuma kiwambo na kukusaidia. Kiwambo cha upana wa sentimita 23, geji ikisoma inchi 20, husukuma kwa nguvu ya kilo 280 na zaidi. Mguu wako peke yako hauwezi kazi hiyo siku zote, hasa ukiwa na mzigo wa viazi nyuma.

Kumbuka basi: vakyumu ikipotea breki hazikatiki, mafuta ya breki yamo na pedali iko. Kinachopotea ni ule msaada. Dereva akijua hivyo atakanyaga kwa miguu miwili na kurudisha gea. Asiyejua hudhani kwamba pedali imekwama, naye huiachilia, na kuiachilia ndiko kubaya.

INJINI YA PETROLI

Injini ya petroli ni kama mtu anayevuta pumzi huku amebana pua. Katika koo lake kuna kilango kidogo cha duara, ambacho mafundi hukiita throto. Usipokanyaga mafuta kilango hicho hufungwa karibu kabisa. Pistoni huendelea kushuka na kuvuta hewa, hewa haipiti vya kutosha, na kati ya kilango na silinda panakuwa na upungufu mkubwa wa hewa. Hapo ndipo vakyumu ya bure inapopatikana. Ukikanyaga mafuta kilango hufunguka, hewa huingia, na vakyumu hupungua. Hili halina ubaya kwa breki, maana mtu akanyagapo breki huwa ameondoa mguu kwenye mafuta.

Turbo hubadilisha mambo. Turbo ni feni mbili juu ya mhimili mmoja: moja huzungushwa na moshi wa ekzosi, na ya pili huishindilia hewa ndani ya injini. Wazo hilo ni la zamani. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alilipatia hataza mwaka 1905. Leo limejaa katika barabara zetu, katika Subaru Forester za petroli zilizotumika Japani kwanza, na karibu katika kila pikapu mpya ya dizeli. Injini ikiwa na turbo, mahali pale pale palipokuwa pananyonya huweza kugeuka, baada ya muda mdogo, pakawa panasukuma.

Tuifuate njia ya hewa katika injini ya petroli yenye turbo. Hewa huingia kwenye kichujio, hupita turbo, hupita kipoza hewa kinachofanana na rejeta ndogo, hufika kwenye kilango, kisha huingia katika manifoldi ya silinda. Mtu anayetafuta vakyumu anaweza kushawishika kutoboa sehemu tatu.

Ya kwanza ni kati ya kichujio na turbo. Hapo kuna mnyonyo kidogo, na hauwi msukumo hata turbo ikifanya kazi. Lakini ni dhaifu sana. Unafaa kuvuta mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini, na ndiyo kazi yake. Kwa breki haufai kitu. Zaidi ya hayo, tundu lolote hapo ni mlango wa vumbi, na vumbi la Kieni wakati wa kiangazi mnalijua. Likipita bila kuchujwa hula mabawa ya turbo kama msasa.

Ya pili ni kati ya turbo na kilango. Hapa hakuna vakyumu ya kutumia. Kuna msukumo, ama hakuna kitu. Vifaa vinavyotaka kujua turbo inasukuma kiasi gani, kama kile kinachofungua njia ya pembeni ya moshi ili turbo isizidi kipimo, huunganishwa huku. Mpira wa breki ukiunganishwa hapa kwa makosa, boosta haitapata msaada wowote.

Ya tatu ni baada ya kilango, katika manifoldi yenyewe. Hapa ndipo penye vakyumu ya kweli, na watengenezaji huunganisha mpira wa boosta hapa. Lakini hapa pia msukumo wa turbo hufika unapokanyaga mafuta sana. Kwa hiyo lazima katika mpira huo pawe na valvu ya njia moja. Kazi yake ni kama ile ya valvu iliyo chini ya bomba la pampu ya maji mtoni: huruhusu hewa itoke kwenye boosta kwenda injini, na hairuhusu irudi. Turbo ikisukuma, valvu hujifunga, na boosta hubaki na akiba yake. Bila valvu, unapopanda kilima kwa nguvu msukumo huingia ndani ya boosta na kumaliza akiba yote, na kuleta mvuke wa petroli unaoozesha kiwambo. Kisha unafika juu, unaanza kushuka, na huna kitu cha kukusaidia mpaka injini inyonye upya. Valvu nyingi zina mshale. Mshale lazima uelekee injini. Nimeona fundi akiitia kinyume kwa sababu mpira uliingia kwa urahisi zaidi upande huo.

Si kila kifaa kinataka valvu hiyo. Geji ya turbo, na kile kinachorekebisha nguvu ya petroli kwenye baadhi ya injini, hutaka kuhisi yote mawili, kunyonya na kusukuma. Ukivitilia valvu ya njia moja vitasema uongo. Hivyo vipewe tundu lao katika manifoldi, vikae mbali na mpira wa breki. Kama unahitaji vakyumu isiyobadilika kwa kifaa kingine, yafaa kutumia manifoldi, kisha valvu, kisha tangi dogo la akiba. Au pampu ya kando.

Jambo moja dogo husahauliwa. Katika injini isiyo na turbo mpira wa vakyumu hujishika wenyewe, kwa kuwa hewa ya nje huubana. Katika injini yenye turbo msukumo huweza kuurusha. Kila mpira uliounganishwa baada ya turbo ufungwe kwa klipu.

INJINI YA DIZELI

Hapa ndipo wakulima wengi walipo, maana pikapu zetu na Canter zetu ni za dizeli. Dizeli hunyonya hewa yake yote bila kubanwa pua. Nguvu yake hupimwa kwa kiasi cha mafuta, si kwa kilango. Kwa hiyo manifoldi yake haina vakyumu ya maana, uwe na turbo usiwe nayo. Dizeli kadhaa za miaka ya karibuni zina kilango, lakini ni kwa ajili ya mambo ya moshi na kuzima injini taratibu. Usitafute vakyumu hapo.

Dizeli hupewa pampu ndogo ya vakyumu. Katika Toyota na Isuzu nyingi za zamani pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta, juu ya mhimili ule ule. Katika nyingine huzungushwa na kamshafti. Ndani yake mna mabawa madogo yanayopakwa oili ya injini. Oili ikiwa chafu mabawa huisha.

Kama pampu yako iko nyuma ya alteneta, zingatia jambo hili kuliko yote mengine niliyoandika. Mshipi mmoja huendesha umeme na breki pamoja. Mshipi ukikatika, taa nyekundu ya betri itawaka mbele yako. Wengi husema, "Ni betri tu, nitafika nyumbani." Hapana. Taa hiyo inakuambia pia kwamba pampu ya breki imesimama, na kwamba umebakiwa na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu. Simama mahali tambarare, ukiwa bado unaweza.

Kwa sababu hiyo hiyo usizime injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Najua bei ya dizeli, na najua kwamba kutoka Karatina kwenda Sagana barabara inateremka sehemu nyingi. Lakini injini ikizimwa hakuna kinachonyonya, iwe ya petroli au ya dizeli. Na katika pikapu nyingi usukani nao huwa mzito saa hiyo hiyo.

GEJI INAPOSOMA KIDOGO HUKU MLIMANI

Mkulima mwingine aliniletea karatasi ya gereji iliyosema pampu yake ni mbovu, inunuliwe mpya, kwa kuwa geji ilisoma inchi 21 na kitabu kinataka 26 au 27. Nilimwomba asinunue kwanza.

Kitabu kiliandikwa kwa watu walio karibu na bahari. Kadiri unavyopanda mlima, hewa hupungua, na geji hupoteza inchi moja hivi kwa kila futi 1,000. Hapa Karatina, karibu na meta 1,800 juu ya bahari, hewa yote iliyopo inaweza kushikilia inchi 24 tu za zebaki. Kwa wenzetu wa Kinangop, kwenye meta 2,500, ni kama inchi 22. Hakuna pampu duniani itakayotoa 26 mahali penye 24. Pampu inayotoa 21 au 22 hapa Karatina ni nzima. Vivyo hivyo injini ya petroli inayosoma 19 Mombasa ikiwa haijakanyagwa mafuta, hapa yaweza kusoma 13 au 14 bila ugonjwa wowote.

Lakini ujue pia kwamba boosta ile ile husaidia kidogo zaidi huku juu. Kiwambo nilichokitaja, cha sentimita 23, kikipata inchi 27 husukuma karibu kilo 385. Kikipata 22 husukuma 315. Pampu ikichoka mpaka inchi 10, ni kama kilo 140. Mtu wa pwani ana nafasi ya kupoteza. Sisi hatuna nafasi kubwa.

KUPIMA BILA GEJI

Zima injini, kisha kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga na uwashe injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, vakyumu inafika. Isiposhuka, kuna kasoro.

Kisha acha injini iende kwa dakika moja au mbili, izime, ngoja dakika chache, ukanyage. Yapasa upate mara mbili au tatu za pedali laini. Ikiwa ngumu mara ya kwanza, hewa inarudi: valvu ya njia moja imechoka, au mpira umepasuka, au kiwambo kimetoboka. Ukisikia sauti ya kupumua chini ya pedali, mshuku kiwambo. Katika baadhi ya pikapu mipira midogo ya vakyumu huenda pia kwenye ekseli ya mbele kwa ajili ya kuunganisha magurudumu manne, au kwenye kifaa kinachoongoza turbo yenyewe. Mmoja wa hiyo ukipasuka, breki huweza kulegea ingawa mpira wa breki ni mzima. Fundi aizibe mmoja mmoja mpaka apate mwenye kosa.

Mpira wa boosta ununuliwe ule uliotengenezwa kwa vakyumu, mnene, wenye nyuzi ndani. Mpira wa kumwagilia mboga hujikunja na kujifunga unaponyonywa, na oili huulainisha mpaka unakuwa kama ugali.

NA MASHINI YA KUKAMUA?

Si jambo la kuchekwa. Zamani, trekta za petroli zilipokuwa nyingi, wakulima wa Marekani walikuwa wakikamua kwa vakyumu ya manifoldi ya trekta umeme ulipokatika. Hata trekta ndogo ya kijivu ya Ferguson TE20, iliyotengenezwa kutoka mwaka 1946 hadi 1956, ilikuwa na injini ya petroli yenye kilango cha hewa. Trekta za dizeli zilipoenea, njia hiyo ikafungika.

Mashini ya ndoo hutaka inchi 12 na nusu hadi 15, bila kupanda wala kushuka. Manifoldi ya petroli huku Karatina inatoa 13 au 14 tu, na hubadilika kila injini inapobadili mwendo; chuchu zikivutwa hivyo huumia, na ugonjwa wa kiwele hufuata. Tena mashini huingiza hewa kila inapopiga, na injini za leo zinazopima hewa yake huchanganyikiwa. Pampu ya dizeli nayo ni ndogo, imetengenezwa kushikilia vakyumu ndani ya kopo lililofungwa, siyo kuvuta hewa mfululizo kwa nusu saa. Na ndoo ikijaa kupita kiasi, maziwa huvutwa mpaka kwenye oili ya injini.

Mzee wa pikapu alinunua pampu ya kukamulia yenye mota yake na kidhibiti chake. Ilimgharimu, naye alilalamika, lakini mikebe minne ya jirani zake alikuwa amekwisha kuilipa. Mpira wa breki ukawekwa mzima, na valvu mpya. Siku kazi ilipokwisha nilikuwapo, nikamwomba fundi aandike kipimo kwa rangi nyeupe chini ya boneti pamoja na tarehe, ili mwakani alinganishe na kipimo cha hapa hapa, asikimbilie kitabu cha watu wa bahari. Akaandika 21.